Tunalala garini Uskoti, wenyeji wanatununia: tumekosa nini?

Wapendwa washauri,

Assalaam aleikum. Tunaishi Leeds, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tulinunua kampavani ya mkono wa pili, urefu wake mita sita. Ina vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo cha kaseti, yaani chenye tangi dogo la kinyesi linalochomolewa na kwenda kumwagwa. Tunapenda kupanda Uskoti, ile barabara ya kuzunguka kaskazini inayoitwa North Coast 500, na huwa tunafuatana na shemeji yangu na familia yake, nao wana gari lao la kulala.

Safari iliyopita tuliegesha magari yote mawili usiku kwenye kiwanja kidogo cha changarawe ufukweni, nje ya kijiji ambacho sitakitaja. Asubuhi tukakuta karatasi kwenye kioo: "Hapa si choo chenu. Rudini mlikotoka." Hatukuacha hata ganda la ndizi pale. Mke wangu anasema maneno hayo yanaihusu ngozi yetu, gari ni kisingizio. Shemeji anasema ni wivu tu, maana Uskoti kila mtu ana haki kisheria ya kupiga kambi popote.

Agosti tunataka kurudi. Mke wangu ameshasema: ama tulipie kambi kila usiku, ama yeye na watoto wabaki nyumbani. Shemeji anaona kulipa ni kutupa pesa, na kaseti anasema ataimwaga kwenye choo cha umma, kwani choo ni choo. Nani yuko sahihi? Na tufanyeje ili tulale bila hofu ya kugongewa kioo?

Baba Zuhura, Leeds

*

Waalaykum salaam, Baba Zuhura.

Tuanze na karatasi. "Rudini mlikotoka" ni maneno yanayomchoma zaidi mtu mweusi, na mkeo hakosei kuyasikia alivyoyasikia. Moyo wa aliyeandika hatuwezi kuusoma. Tunachojua ni kwamba karatasi za aina hiyo hubandikwa pia kwenye magari ya Wazungu waliotoka Manchester au Ujerumani, kwa hiyo hii moja haitoshi kutoa hukumu. Siku ukikuta tusi la rangi lisilo na shaka, au tishio, usijibizane na mtu. Piga picha, itunze karatasi yenyewe, uwapigie polisi kwa namba 101. Kama hatari iko mlangoni, 999. Ila neno "choo" katika karatasi hiyo lina chanzo chake, na hapo ndipo mna uwezo wa kubadilisha kitu.

North Coast 500 ilizinduliwa mwaka 2015: maili 516 kutoka Inverness, kuzunguka pwani yote ya kaskazini na kurudi Inverness. Upande wa magharibi sehemu kubwa ni barabara ya gari moja, vijiji ni vya nyumba chache, na vyoo vya umma ni vya kuhesabu. Kisha ikaja Julai 2020. Watu waliokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wasio na ndege ya kwenda popote, wakamiminika huko na mahema na magari ya kukodi, wengi wao hawajawahi kulala nje maishani. Wenyeji wakaokota vinyesi nyuma ya kuta za makaburi na kwenye majani ya ufukweni. Sehemu ya uchafu huo ilikuwa ya watu wa mahema na wa magari madogo yasiyo na choo kabisa, lakini hema hung'olewa alfajiri na kusahaulika. Gari refu jeupe linaonekana kutoka dirisha la kila nyumba, basi ndilo lililobaki na jina baya. Nanyi mnalilipia.

Jiulize basi mtu wa dirishani aliona nini jioni ile. Hukutuambia kama mlitoa viti na turubai, au kama maji yalikuwa yakidondoka chini ya gari. Magari mawili marefu kwenye kiwanja kidogo yanatosha kumzuia mwenye mbwa kuegesha asubuhi. Na kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza vya kampavani haviligusi: mtu anayetawadha mlangoni, maji ya miguu yakitiririka kwenye changarawe, akiangaliwa kutoka mbali anaonekana anamwaga uchafu. Hakuna atakayeshuka kuuliza. Tawadhieni ndani, miguu kwenye beseni, maji yaende kwenye tangi la maji machafu.

Sasa sheria ya shemeji. Ameishika nusu. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa haki ya kupita na kulala kwa muda mfupi mtu anayekwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa farasi au kwa mtumbwi. Chombo chenye injini hakimo. Wapo wanaotaja yadi 15, kama mita 14, kutoka ukingo wa barabara. Hizo zimo kwenye Sheria ya Usafiri Barabarani ya 1988, na maana yake ni kwamba ukitoka nje ya barabara kwa umbali huo ili kuegesha, hujatenda lile kosa la kuendesha gari porini. Ruhusa ya kukaa kwenye ardhi ya mtu haimo. Mwenyewe akikuambia uondoke, unaondoka. Mkipitia Loch Lomond, ziwa lililo ndani ya hifadhi ya taifa, mkipanda, fahamuni pia kwamba tangu 2017 kando ya maziwa ya hifadhi ile kuna kanda ambako kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30 kupiga kambi kunahitaji kibali, na masharti yake yanagusa kulala garini vilevile.

Kwa hiyo nje ya kambi ya kulipia mnalala kwa hisani. Kibao kikisema usilale, msilale, hata kama mtu wa mtandaoni amewaambia kibao hicho hakina nguvu ya kisheria. Huenda ni kweli. Lakini atakayegongewa kioo saa tisa za usiku na watoto ndani ni wewe.

Kaseti sasa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu shemeji amekosea mahali ambapo kosa lina harufu.

Vyoo vingi vya vijijini kule havikuunganishwa na bomba kuu la maji taka. Chini yake kuna tangi lililofukiwa ambamo bakteria huoza kinyesi polepole, maji yakatoka kuelekea ardhini. Dawa nyingi za bluu za kaseti zimetengenezwa kuzuia bakteria wasifanye kazi, ndiyo maana kaseti hainuki. Ukimwaga kaseti yenye dawa hiyo kwenye choo cha kijiji, unawaua wale wale wanaolifanya tangi lifanye kazi. Kinyesi hakiozi, tangi linajaa kabla ya wakati, na kijiji kinaita lori la kunyonya kwa gharama yake. Ongeza tishu za majimaji za watoto, ambazo hazilainiki hata pakiti ikisema zinaweza kutupwa chooni, na bomba linaziba siku hiyo hiyo. Choo kinafungwa. Msafiri anayefuata anakwenda nyuma ya ukuta wa makaburi.

Kaseti humwagwa mahali maalumu tu, kwenye sinki la kumwagia kaseti, ambalo kambi nyingi za kulipia wanalo. Hata ambaye halali hapo mara nyingi huruhusiwa kumwaga kwa malipo madogo, lakini ulizeni kwanza mapokezi. Nunueni dawa ya kijani isiyo na fomaldehidi, kemikali inayoua bakteria, kwa sababu kambi nyingi nazo zinatumia matangi ya kufukia na baadhi yao hukataa ya bluu.

Namna ya kumwaga: hakikisha kifuniko cha ndani kimefungwa kabisa kabla ya kuivuta kaseti kutoka mlango wa nje. Ibebe ikiwa imelala sawa. Zungusha shingo, fungua kizibo, na wakati wa kumimina shikilia kitufe cha hewa kwa kidole gumba; usipokishikilia, kaseti inavuta hewa kupitia shingoni, inagugumia na kukurushia kilichomo. Suuza kwa maji lita mbili au tatu, tikisa, mimina, kisha rudia. Ukimaliza tia kipimo cha dawa kilichoandikwa kwenye chupa pamoja na lita mbili za maji. Ile pete ya mpira ya kifuniko ipakeni mafuta ya silikoni mara kwa mara. Msitumie Vaseline, inaulainisha mpira hadi unavimba na kuvuja. Na kamwe shingo ya kaseti isiguse bomba la maji ya kunywa! Pale kwenye sinki kuna mpira wa kusuuzia; bomba la kunywa huwa mbali, na lina mpira wake. Tumeona watu wazima wakichanganya hiyo mipira miwili bila hata kuangalia kibao.

Hesabu yenu ndiyo inayoharibu mipango. Kaseti ya kawaida hubeba kati ya lita 17 na 20. Familia ya watu wanne, pamoja na maji ya kusukumia, huijaza kwa siku mbili hivi. Wanaochambia maji huwahi zaidi: kopo moja ni nusu lita, na kopo kumi ni robo ya kaseti. Badala ya kopo wekeni chupa ndogo ya plastiki ya kubana, inatosha na inabana matumizi. Mchana tumieni vyoo vya umma vilivyo wazi, na paliposimama kisanduku cha mchango tumbukizeni sarafu. Tumieni karatasi ya chooni inayolainika haraka; ile nene ya nyumbani hufanya bonge linalokataa kutoka shingoni. Taa nyekundu ya choo ikiwaka kuonyesha kaseti imejaa, siku hiyo hiyo mnatafuta sinki. Kaseti iliyopita kiasi humwagikia ndani ya gari pale kifuniko kinapofunguliwa, na kuosha lile sanduku la chini ya choo ni kazi ya nusu siku.

Kumbe mkeo na shemeji kila mmoja ana sehemu ya jibu. Msilipe kila usiku, wala msikwepe kila usiku. Kila usiku wa pili, na usizidi wa tatu, kambi ya kulipia: mwage kaseti, mwage maji machafu, mjaze maji safi, mchaji betri, mwoge maji ya moto. Kambi ziko Applecross, Gairloch, Ullapool, Durness na John o' Groats, na kutoka Ullapool hadi Durness ni takriban maili 70. Kwa Agosti wekeni nafasi sasa hivi.

Maji ya sinki watu huyadharau kwa kuwa "ni sabuni tu". Mafuta ya pilau na punje za wali zikikaa kwenye tangi siku mbili kwenye joto hunuka kuliko kaseti, na bomba la kutolea likifunguliwa kidogo kwenye changarawe, harufu hiyo inabaki pale mkiwa mmeshaondoka. Futeni sahani na sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, karatasi iende kwenye mfuko wa taka. Wekeni kichujio kwenye tundu la sinki. Kabla hamjaondoka nyumbani, fungeni bomba la tangi, jazeni lita kumi, mwache gari juu ya kipande cha boksi kavu usiku mzima. Boksi likilowa, kipira cha bomba kimechoka na kinabadilishwa kwa bei ndogo.

Mahali pa kulala. Zile sehemu za kupishana kwenye barabara ya gari moja, zenye kibao cheupe, si maegesho hata kwa dakika kumi za kupiga picha. Ukiegesha pale, lori la samaki au gari la wagonjwa linalazimika kurudi nyuma hadi sehemu iliyotangulia. Hili pengine linawaudhi wenyeji kuliko kulala kwenyewe. Na gari la nyuma yako likikufikia, ingia sehemu ya kushoto umpishe. Mwenyeji anawahi kazini, hayuko kwenye utalii. Epukeni pia lango la shamba, kwani trekta hutoka alfajiri, mteremko wa kushushia boti, maegesho ya makaburi na ya zahanati, na yale majani mafupi ya ufukweni ambayo matairi ya tani tatu huyachana na mvua ikageuza mistari kuwa matope. Maegesho ya kando ya barabara kuu nayo si chumba cha kulala kizuri: kanuni za barabara za Uingereza zinataka gari lililoegeshwa usiku kwenye barabara yenye kikomo cha zaidi ya maili 30 kwa saa, hata kwenye hicho kijisehemu cha pembeni, liwashe taa za kuegesha. Taa hizo zikikesha, betri ya injini iliyochoka haitawasha gari asubuhi.

Mahali panapofaa zaidi ni pale ambapo mtu amesema ndiyo. Baadhi ya maegesho ya misitu ya serikali ya Uskoti yameruhusu magari yenye choo ndani kulala usiku mmoja, na kibao pale mlangoni husema. Mwenye baa au hoteli ndogo mara nyingi hukubali mkila chakula cha jioni kwake, lakini ulizeni kabla ya kuegesha, msiulize mkishapika. Fikeni kukiwa na mwanga ili msome vibao na kuona ardhi ilivyo. Ule ushauri wa "ingia giza, ondoka alfajiri" haufai kaskazini: mwishoni mwa Juni, Durness jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, na Agosti bado jioni ni ndefu. Gari lenu la mita sita linazidi nafasi ya kawaida ya mita 4.8 kwa zaidi ya mita nzima, basi rudisheni nyuma ili mkia uning'inie juu ya majani, si juu ya njia ya watembeao.

Magari mawili msiyalaze pamoja nje ya kambi. Gari moja ni msafiri aliyechoka. Mawili, na watoto wanaokimbizana kati yake, tayari ni kambi. Gawaneni, kila mmoja kiwanja chake, mkutane asubuhi. Viti, meza, turubai na kamba ya nguo vibaki ndani. Mlango wa kuburuza wa kampavani husikika kijiji kizima usiku, kwa hiyo anayeamka amalize haja zake ndani. Takataka nendeni nazo. Pipa likijaa, mfuko ulioachwa pembeni yake hupasuliwa na shakwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Jiko la mkaa tunajua mnalo, hakuna familia yetu inayosafiri bila nyama choma. Litumieni kwenye kambi ya kulipia inayoruhusu, juu ya mawe, likiwa limeinuliwa. Udongo mweusi wa mboji wa kule hushika moto chini kwa chini na unaweza kuwaka siku nyingi baada ya ninyi kuondoka. Visubi wakiwasumbua, vaeni chandarua cha kichwani. Msiwashe moto wa kuwafukuza. Na jiko hata likionekana limezima, lisiingie ndani ya gari usiku: makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na watu hufa usingizini. King'ora chake kiwepo, kijaribiwe kabla ya safari.

Kama yupo anayekunywa kati yenu, ajue kikomo cha pombe Uskoti ni mikrogramu 22 kwenye mililita 100 za pumzi, wakati huko kwenu Leeds ni 35. Aliyelewa akiwa na funguo ndani ya gari mahali pa umma anaweza kushtakiwa kwa kuwa msimamizi wa gari hata kama amelala, na mkiambiwa msogeze gari usiku hamna wa kulisogeza. Kinywaji kisubiri usiku wa kambi.

Kuhusu njia: mkienda Applecross msipite barabara ya mlimani ya Bealach na Bà na hayo magari. Kibao cha chini kinawaonya wenye magari makubwa na wanaovuta trela za kulala, mlima unapanda hadi mita 626 kwa kona kali. Zungukeni kwa njia ya pwani kutoka Shieldaig, ni ndefu zaidi lakini mtafika na breki zenu.

Na mtu akigonga kioo? Washa taa ya ndani ili akuone uso, shusha kioo, salimia kwanza. Usimfungulie simu kumwonyesha sheria. Mwambie ni usiku mmoja, mnaondoka kabla ya saa mbili asubuhi, choo mnacho ndani, kisha umwulize kama kuna mahali pazuri zaidi anapopajua. Wengi watakuelekeza. Akisema tu muondoke, ondokeni wakati huo huo, na ndiyo maana kila jioni kabla ya kulala mnakuwa mmeshachagua mahali pa pili, tangi la mafuta halijaisha, na kiti cha dereva hakijajazwa mabegi.